Breki huanzia kwenye mpira wa pedali

Mtu anayekwenda kununua gari lililotumika, iwe kwenye yadi za Dar es Salaam au za Mombasa, huwa ana mambo yake ya kuangalia. Atalizunguka gari akitafuta rangi iliyopigwa upya, atafungua boneti, atawasha injini na kutega sikio, atajaribu kiyoyozi, atasoma kilomita, na akiwa makini kidogo atainama kutazama kashata za matairi. Kisha ataulizia bei. Ni nadra kumwona mnunuzi akiinama upande wa dereva, akasogeza zulia na kumulika kwa tochi ya simu ile mipira iliyovishwa kwenye pedali za breki na klachi. Hata fundi aliyelipwa kuja kulikagua gari mara nyingi huipita. Tumeiweka mipira hiyo kundi moja na vitambaa vya viti na kava la usukani: vitu vya ndani, vya urembo, vya kubadilisha siku hela zikibaki. Hapo naona tumekosea, na kosa lenyewe si dogo. Mpira wa pedali ya breki ni sehemu ya mfumo wa breki, sawa na pedi, diski na mafuta ya breki. Gari ambalo mpira huo umeisha ukawa laini, umelegea, au haupo kabisa, halipaswi kupita ukaguzi wowote mpaka uwekwe mwingine.

Tutazame breki inavyofanya kazi. Pedali ni wenzo. Nguvu ya mguu huzidishwa na urefu wa mkono wa pedali, mara nne hivi au zaidi kutegemea gari, kisha huongezewa na chungu cha kuongeza nguvu kilicho nyuma yake kinachotumia ombwe la injini, halafu masta silinda husukuma mafuta kwenye mabomba hadi magurudumuni na pedi zikabana diski. Katika mnyororo wote huo kila kiungo kimefungwa: pana boliti, pana pini, pana sili, pana mafuta yasiyoshindilika. Kiungo kimoja tu kiko wazi, nacho ni kile cha kwanza, pale soli ya kiatu inapokutana na pedali. Hapo hakuna boliti wala pini. Kinachouzuia mguu usiteleze ni msuguano peke yake, na kuleta msuguano huo ndiyo kazi ya ule mpira. Pedi zikiisha gari litapiga kelele, na mafuta ya breki yakipungua taa itawaka kwenye dashibodi. Mpira wa pedali ukiisha hakuna kelele wala taa. Atakayejua ni yule tu anayetazama.

Ukiushika mpira mpya mkononi utaona umechongwa kwa makusudi. Uso wake una matuta, na kati ya matuta pana mifereji. Matuta hushika soli. Mifereji hupitisha maji, tope na mchanga visikae kati ya soli na mpira. Nyuma yake una mdomo unaojikunja kulizunguka bati la pedali na kulishika pande zote nne. Sasa chukua mpira uliokanyagwa miaka 15. Mara nyingi hauishi sawasawa. Upande mmoja hutangulia, kwa kawaida ule ambao mguu huingilia ukitoka kwenye mafuta: kona inakuwa duara, matuta yanalala, mifereji inafutika, uso unaanza kung'aa. Baadaye mpira wenyewe unakauka. Ukiuminya kwa kidole gumba haubonyei. Nyufa nyembamba zinajitokeza kwenye ule mdomo wa nyuma ambako macho hayafiki, na hizo naziogopa kuliko zote, kwa sababu mpira wenye uso mzuri na mdomo uliochanika unaweza kuchomoka siku utakapokanyagwa kwa nguvu na kwa mshazari. Hatua ya mwisho ni chuma kuchungulia konani, kikiwa kimesuguliwa na viatu hadi kinameta. Magari ya namna hii tunayo barabarani kila siku, na wenye nayo wala hawayahesabu kuwa na kasoro.

Mazingira yetu yanauharakisha uchakavu huo. Mchanga wa pwani na vumbi la bara huingia na viatu na kuusaga mpira kila mguu unapojizungusha. Jua la mchana kutwa kwenye maegesho yasiyo na kivuli huukausha. Dizeli na oili zinazotoka na viatu vya fundi huulainisha na kuuvimbisha, kisha ukapasuka. Foleni ya jioni humfanya dereva wa mjini akanyage breki na klachi mara nyingi kuliko mwenzake wa barabara kuu. Zaidi ya hayo, magari yenyewe hutufikia yakiwa na umri. Kenya imeweka ukomo wa miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Tanzania haikatazi gari kwa umri wake. Inachofanya ni kutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu, na watu wanaulipa, kwa hiyo gari la miaka 12 au 15 ni jambo la kawaida bandarini. Gari kama hilo linashuka melini na nyayo za watu wengine tayari, nasi tunaongeza zetu juu yake kwa miaka mingine kumi.

Hoja inayosikika haraka kuliko zote dhidi ya haya ni ya mazoea. Dereva mzoefu, wanasema, analijua gari lake. Ameendesha miaka na miaka pedali ikiwa kipara na hajawahi kuteleza. Inawezekana kabisa kwamba hajateleza. Lakini tuulize amekuwa akifunga breki za namna gani. Breki ya kila siku ni ya taratibu: mguu unatolewa kwenye mafuta bila haraka, unawekwa katikati ya pedali, unabonyeza kidogo kidogo. Hata bati tupu linatosha kwa kazi hiyo. Breki ya dharura ni kitu kingine. Mtoto amechomoka nyuma ya daladala iliyosimama, au lori la mbele limesimama ghafla bila taa. Mguu unaruka kutoka kwenye mafuta, unaifikia pedali kwa upande badala ya katikati, unatua kwa ncha ya kiatu, na mwili mzima unasukuma nyuma yake. Hapo ndipo mpira unapohitajika, na hapo ndipo ule uliolala kona moja unapomwacha dereva, kwa kuwa kona iliyoisha ndiyo ileile mguu unayoifikia kwanza. Uzoefu wa miaka 20 ya breki za taratibu hauthibitishi lolote kuhusu breki moja ya dharura. Na ikiwa ni msimu wa masika, dereva ametoka kukanyaga dimbwi, amevaa kandambili zilizolowa, basi kati ya mguu na chuma hakuna kitu cha kushika ila utelezi wa maji.

Mahesabu yake ni rahisi, kila mtu anaweza kuyafanya. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kiwango cha maeneo ya makazi, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mguu ukiteleza na dereva akahitaji nusu sekunde kuurudisha, gari limekwisha kwenda mita saba bila breki, karibu upana wote wa barabara ya njia mbili. Basi la abiria likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Nusu sekunde hiyo ni mita 11, takriban urefu wa basi lenyewe. Mita hizo hazimo katika umbali wa kusimama tunaofundishwa kwenye shule za udereva. Zinaongezwa juu yake, nazo zote zinaliwa gari likiwa bado na mwendo wake kamili. Hapo nimehesabu mguu uliorudi salama. Mguu unaoteleza kuelekea kulia unaangukia kwenye mafuta.

Klachi nayo haizungumzwi sana, ingawa madhara yake ni ya haraka kuliko watu wanavyodhani. Dereva kwenye foleni amesimama akiwa kwenye gia ya kwanza, mguu wa kushoto umeibana klachi hadi chini. Chini ya pedali ile kuna springi inayotaka kuirudisha juu wakati wote. Mguu ukichomoka kwa sababu mpira umeisha, klachi inajiachia mara moja na gari linaruka mbele kabla mguu wa kulia haujapata la kufanya. Mbele pana nini? Bodaboda aliyejipenyeza kati ya magari, muuza maji, mama anayevuka kwenye pundamilia akiamini kwamba gari lililosimama limesimama. Nadhani ajali za namna hii, ndogo kwa gari na kubwa kwa mtembea kwa miguu, mara nyingi huandikwa kuwa ni uzembe wa dereva na faili likafungwa bila mtu kuinama kuitazama pedali.

Ipo pia miteremko. Anayeujua Mlima Kitonga mkoani Iringa anajua maana ya kushuka kilomita kadhaa mguu ukiwa kazini. Dereva mzuri hushuka kwa gia ndogo na kuiacha injini imsaidie, lakini breki atazihitaji kwenye kila kona. Sasa chukulia injini imezimika katikati ya mteremko. Ombwe lililobaki kwenye kile chungu cha kuongeza nguvu linatosha kukanyaga mara chache tu. Baada ya hapo pedali inakuwa nzito na breki ileile inataka nguvu ya mguu mara kadhaa. Mguu unaosukuma kwa nguvu zote ndio ulio rahisi zaidi kuteleza kwenye uso laini. Kasoro iliyoonekana ndogo asubuhi mjini inajitokeza siku mambo mengine yote yameharibika, wakati dereva hana tena kitu kingine cha kutegemea.

Wako watakaoona kwamba nalikuza jambo. Basi tuangalie waliokaa wakaandika sheria za ukaguzi wa magari wanalitazama vipi. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2014 kuhusu ukaguzi wa mara kwa mara wa magari, umeorodhesha kasoro za mfumo wa breki moja baada ya nyingine, na miongoni mwake, mwanzoni kabisa, imo hii: kizuia utelezi cha pedali ya breki kukosekana, kulegea, au kuisha hadi kuwa laini. Imewekwa daraja la kasoro kubwa. Gari lenye kasoro kubwa linafeli. Mwenye gari atengeneze, kisha arudi. Uingereza nayo inatumia kipimo hichohicho katika ukaguzi wake wa kila mwaka. Wale ni watu wenye barabara za lami kila mahali, wasioendesha na kandambili zenye tope, na magari yao kwa wastani ni machanga kuliko yetu. Kama wao wameona pedali kipara inatosha kulizuia gari lisitembee, sielewi ni kwa hoja gani sisi tuione ni suala la urembo.

Ushahidi mwingine umetoka Marekani, na unahusu vitu vya miguuni kwa jumla. Tarehe 28 Agosti 2009, huko Santee, California, watu wanne wa familia moja walikufa ndani ya gari aina ya Lexus, linalotengenezwa na Toyota, ambalo pedali yake ya mafuta ilinaswa na zulia. Zulia lile lilikuwa la gari la aina nyingine. Injini haikuwa na ubovu. Baada ya hapo Toyota iliyaita magari kwa mamilioni yarekebishwe mazulia na pedali, na mwaka 2014 ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani kwa kuwapotosha wateja kuhusu tatizo hilo. Katikati ya mzozo, serikali iliwapa wahandisi wa shirika la anga la NASA kazi ya kutafuta hitilafu katika umeme wa magari hayo, na taarifa yao ya Februari 2011 haikuipata. Walioachwa kuwa watuhumiwa ni zulia, pedali zinazonata na miguu iliyokanyaga pasipo. Somo ninaloliona hapo ni kwamba eneo lile la giza chini ya dashibodi, ambalo mwenye gari halitazami mwaka mzima, lina uwezo wa kuua bila injini wala breki kuwa mbovu. Sisi tunatandika humo mazulia ya kukata kwa mkasi, yasiyo na vishikizo, juu yake tukaweka na chupa ya maji.

Hoja nzito zaidi ni ile ya vipaumbele. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na kila mtu anajua visababishi vikubwa: mwendo kasi, ulevi, uchovu, kuyapita magari mengine pasipofaa, matairi vipara, mizigo kupita kiasi. Kwa nini basi tupoteze muda na kipande cha mpira? Sidai kwamba pedali zinashindana na mwendo kasi. Ninachosema ni kwamba hatuchagui kati ya hayo mawili. Kumfanya dereva wa basi apunguze mwendo kumechukua miaka ya sheria, vidhibiti mwendo, tochi za trafiki na kesi mahakamani, na kazi bado haijaisha. Kuvisha mpira mpya kunachukua dakika kumi. Jambo dogo lenye tiba rahisi halingojei kubwa limalizike. Isitoshe, taarifa za ajali zetu zimejaa maneno mawili, “kufeli breki”, nayo hutumika kufunga uchunguzi badala ya kuufungua. Breki zilifeli wapi? Bomba lilipasuka, pedi zilikwisha, mafuta yalichemka, au mguu haukukaa kwenye pedali? Mkaguzi anayekwenda kuliangalia gari lililoanguka angepaswa kuanza kutazama pale miguu ya dereva ilipokuwa.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio. Kwenye maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani, au Kirinyaga Road kule Nairobi, mpira wa pedali kwa kawaida haufiki mbali zaidi ya bei ya lita chache za petroli. Mpira wa namna moja huingia kwenye magari mengi ya kampuni moja, na katika magari mengi ya klachi ule wa breki na wa klachi ni sawa. Gari la otomatiki lina pedali pana, hivyo mpira wake ni tofauti. Nenda na ule wa zamani mkononi ili usiuziwe wa kukisia. Kabla ya kulipa, ukunje ule mdomo wa nyuma: ukitoa nyufa nyeupe au ukibaki umekunjika, uache.

Kuuvisha si kazi ya kuhitaji gereji. Injini iwe imezimwa na breki ya mkono imefungwa. Mpira wa zamani huvuliwa kwa kuanza na ukingo mmoja, ukisaidiwa na bisibisi bapa. Kisha bati la pedali lisafishwe vizuri, kutu iondolewe kwa msasa, oili ifutwe kwa maji ya sabuni, likaushwe. Mpira mpya uloweshwe dakika chache kwenye maji ya moto ili ulainike, uingizwe kwa ukingo mmoja mrefu, na pande zilizobaki zivutwe moja moja kulizunguka bati. Ukikataa kuingia, maji ya sabuni kidogo yanatosha, na yaachwe yakauke kabla gari halijatembea. Grisi na oili haziruhusiwi hata tone. Kifaa cha kusaidia kisiwe na ncha kali, kwani mdomo uliochanwa wakati wa kuvishwa ni sawa na mpira uliochoka. Hatua inayorukwa na wengi ni ya mwisho: kupitisha kidole nyuma ya bati pande zote nne kuhakikisha mdomo umeshika kila mahali, halafu kukanyaga kwa nguvu, kuusokota mguu kushoto na kulia, na kuona kama mpira umesogea. Ukisogea, haujavaa.

Njia za mkato zinazozoeleka mitaani nazipinga zote. Kipande cha tyubu kilichofungwa kwa waya huinua pedali na kubadilisha nafasi yake na ile ya mafuta, na waya hunasa kandambili. Kipande cha tairi kilichopigwa skrubu hulegea taratibu bila mtu kujua. Gundi huficha mpira ambao hauenei bati. Zile bamba za alumini zinazouzwa kwa ajili ya kulifanya gari lionekane la mashindano, zikifungwa kwa skrubu mbili tu, zinaweza kuzunguka chini ya mguu. Na kuna jambo la waosha magari ambalo wenye magari wengi hawalijui: ule mng'aro wa dashibodi, dawa yenye silikoni inayopulizwa ndani ya gari likishaoshwa, mara nyingine hufika hadi kwenye pedali. Pedali zinatoka nyeusi, zinapendeza, na zinateleza hata kama mpira ni mpya. Mwambie anayekuoshea gari asiziguse ila kwa maji, sabuni na brashi.

Liko pingamizi moja la wauza magari ambalo nalipa uzito. Mpira wa pedali ni shahidi wa kilomita: gari linaloonyesha kilomita 60,000 huku pedali zikiwa zimeliwa hadi chuma lina maelezo ya kutoa, maana kilomita zinarudishwa nyuma kirahisi kuliko mpira unavyorudishiwa matuta yake. Wanasema basi kwamba mtu akivisha mpira mpya ataonekana anaficha umri wa gari. Ni kweli wapo wanaofanya hivyo, lakini mnunuzi makini ana mashahidi wengine: kiti cha dereva, ngozi ya usukani, kitasa cha gia, ukingo wa mlango. Mwuzaji mwaminifu anaweza kumkabidhi mnunuzi mipira ya zamani pamoja na risiti ya mipya. Hatuwezi kuacha kifaa cha usalama kiishe ili kibaki kuwa kumbukumbu.

Kubwa zaidi ni hofu ya rushwa. Mwananchi akisikia kosa jipya la barabarani anauona mlango mpya wa kuombwa hela, na sina sababu ya kumlaumu. Kwa hiyo sipendekezi trafiki asimamishe magari kutafuta pedali. Mahali pake ni kwenye ukaguzi wenye fomu: gari linapoingia nchini, linapobadilishwa umiliki, daladala inapoomba leseni ya njia, na wakati wa ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama. Kipimo chenyewe hakimwachii mkaguzi nafasi ya kubuni, kwa kuwa mwenye gari anaona kwa macho yake kama matuta yapo au hayapo, kama mpira unasogea au umeshika. Na kosa linalotengenezwa hapohapo kwa hela ndogo kuliko ya “chai” halina faida kwa mwombaji. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 tayari inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Kinachohitajika ni mstari wake katika fomu, unaosema pedali ya breki na ya klachi, mpira upo, umeshika, una matuta.

Wa kwanza kubanwa wawe wenye daladala na matatu, kwa sababu dereva wao si mwenye gari. Anakabidhiwa pedali kama zilivyo, anatakiwa alete hesabu jioni, na akidai mpira mpya ataambiwa atumie hela yake. Magari hayo yanakanyaga breki kwenye kila kituo, kuanzia alfajiri hadi usiku, yakiwa yamejaa watu ambao wengi wao hawajafunga mkanda. Mmiliki anayenunua spika mpya za muziki na kuiacha pedali kipara amechagua, na tumwambie hivyo. Chama cha madereva kikikaa na wamiliki kujadili hesabu ya siku, mpira wa pedali uwe kwenye orodha ya vitu ambavyo gari haliondoki bila kuwa navyo, pamoja na matairi na taa.

Nawe msomaji mwenye gari, usisubiri fomu. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha injini fungua mlango wa dereva, sogeza zulia, washa tochi ya simu. Pitisha kidole juu ya mpira wa breki, kisha nyuma yake, kisha uvute kona. Ukikuta uso laini, mdomo uliochanika au chuma kinachoonekana, gari hilo lina breki mbovu. Lisibebe mtu mpaka umevisha mpira mpya.